Kabla Hujalivisha Shairi Lako Raga

Shairi la kwanza nililompelekea mwalimu lilianza hivi: Nimekesha peke yangu, mlango u wazi bado. Lina usiku, lina upweke, basi nikaona raga yake, yaani njia ya noti za muziki wa Kihindi ya kuliimbia, ni Darbari Kanada, hakuna nyingine. Kila orodha niliyoisoma ilisema Darbari ni raga ya usiku mkuu, tena ya majonzi. Nikaimba ubeti wote nimefumba macho. Mwalimu wangu, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, alinisubiri nimalize, kisha akauliza, "Huyu aliyekesha ni nani? Msichana?"

"Ndiyo, guruji. Anamngoja mtu wake."

"Sasa mbona umempa sauti ya sultani aliyefiwa na waziri?"

Nilicheka kwa aibu, lakini alikuwa na haki. Darbari, ambayo mapokeo yanainasibisha na Tansen, mwanamuziki wa baraza la mfalme Akbar wa India, hushuka chini kabisa kwenye sauti nzito, na ile noti yake ya tatu, Ga, iliyoshushwa, hutikiswa taratibu kama jahazi lililotia nanga. Ina haiba ya mtu mzima mwenye mamlaka. Binti anayechungulia mlangoni kila baada ya dakika mbili hakai humo.

Kwa hiyo wewe unayeanza, orodha za "raga ya furaha, raga ya huzuni" ziweke kando kwanza. Lisome shairi lako ujiulize nani anasema, ni saa ngapi, na anategemea nini. Hilo la tatu ndilo lililonichelewesha miaka. Natyashastra ya Bharata, kitabu cha kale cha Kihindi cha sanaa za jukwaani, inataja rasa nane, yaani ladha nane za hisia: mapenzi, kicheko, majonzi, ghadhabu, ushujaa, hofu, kinyaa na mshangao. Ya tisa, utulivu, iliongezwa baadaye. Ukiipitia haraka utadhani kilio chochote kinaingia kwenye majonzi, karuna. Sivyo. Anayemlilia mpenzi aliye mbali bado yumo kwenye mapenzi, shringara, ule upande wake wa kutengana, maana bado ana tumaini kwamba atarudi. Karuna ni pale tumaini lilipokatika. Rudi sasa kwenye mstari wangu: mlango u wazi bado. Neno moja tu, "bado", linalitoa shairi msibani na kulirudisha kwenye mapenzi. Nililitunga mwenyewe na sikuliona.

Jambo la pili: noti peke yake hazikwambii hali ya raga. Ngazi ya Kihindi ni Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Kaa kwenye hamoniamu upige Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Hizo ni noti za Bhupali, na ni hizo hizo za Deshkar. Bhupali ni ya jioni, huegemea Ga na kutulia. Deshkar ni ya asubuhi, hukaa juu karibu na Sa ya pili, ile ya juu, ikiegemea Dha. Fanya zoezi hili kwa mwezi mmoja: chukua mstari mmoja wa kumshukuru Mungu, uimbe kwa Bhupali, kisha kwa Deshkar. Kwenye ya kwanza utasikia mtu aliyerudi nyumbani na kuvua viatu, kwenye ya pili mtu anayefungua madirisha. Ukishausikia huo mgawanyiko, jaribu utatu mgumu zaidi: Marwa, Puriya na Sohni. Zote hazina Pa, Re imeshushwa na Ma imepandishwa. Marwa ina wasiwasi wa jua linapozama, kwa sababu huikwepakwepa Sa, noti ya nyumbani, na msikilizaji anabaki hana pa kukaa. Puriya huzama chini kwenye Ni na Ga. Sohni hurukia juu, usiku ukiwa umekwisha kwenda sana.

Kuhusu saa, Wahindi wa kaskazini huigawa siku katika prahari nane za saa tatu tatu: Bhairav alfajiri, Todi asubuhi, Yaman usiku unapoingia, Malkauns usiku wa manane. Raga za Malhar zina msimu wake wa mvua. Wa kusini hawalishikilii sana jambo hili. Mimi binafsi si mkali wa saa ya kuimba, ila ni mkali wa saa iliyomo ndani ya maneno. Shairi likitaja umande na jogoo halafu ukaliimba kwa Yaman, msikilizaji anayejua atahisi mtu amewasha taa mchana.

Sasa tala, yaani mzunguko wa mapigo, na hapa sisi watunzi wa Kiswahili tumebahatika. Tala iitwayo Tintali ina mapigo 16, mstari wa shairi letu la kawaida una mizani, yaani silabi, 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Nilidhani kazi imekwisha: silabi moja kwa kila pigo, naanzia pigo la kwanza, samu, pale muziki wote unapokutana. Ikatoka kama watoto wanaokariri darasani. Shida ni kwamba mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mimi naitwisha samu silabi nyepesi ya mwanzo. Anzia pigo la tatu. Hesabu kwa vidole: "ya" ya "yangu" inaangukia pigo la tisa, na "ba" ya "bado" inatua juu ya samu. Hilo la tisa huitwa khali, yaani tupu, mkono unapopunga bila kupiga kofi. "Peke yangu" juu ya pigo tupu! Sikulipanga hilo, lugha ilinipa bure. Ukishaizoea hesabu, ivunje: vuta silabi hii, banana zile, kwa sababu silabi moja kwa pigo ni kiunzi tu cha kujengea.

Ghazali ya Kiurdu ina tabia yake. Kila beti yake ya mistari miwili husimama peke yake. Hii inalia, inayofuata inamdhihaki shehe. Usiitafutie raga inayobana. Wasikilize waimbaji wa ghazali Begum Akhtar au Mehdi Hassan uone wanavyolirudia neno lile lile mara tatu, kila mara likiwa na maana nyingine, raga ikiwa ile ile. Sisi wa pwani tuliokulia kwenye taarabu za kina Juma Bhalo tumezoea kuchukua lahani ya Kihindi iliyokwisha iva na kuivisha maneno yetu. Ni ufundi mkubwa, siudharau, lakini kwenye raga lahani hujaipewa. Umepewa njia tu, kutembea ni kwako.

Wiki iliyofuata nilirudi na raga ya Bageshri, Ga na Ni zimeshushwa, "bado" nikaituliza juu ya Ma. Kijana wa tabla aliinua kichwa. Guruji akanisogezea chai, akanyamaza kidogo, halafu akauliza ubeti wa pili uko wapi, huyo mtu alikuja au hakuja.

Nilikuwa sijautunga.