Mlinda wiketi aliyekuwa mpigaji kamili: kwa nini namtanguliza Les Ames wa Kent

Mwenzetu ameuliza ni mlinda wiketi gani wa kriketi (mwenye glavu anayesimama nyuma ya vijiti ambavyo mpigaji huvilinda) aliyepata kuwa mpigaji kamili bila kazi moja kuidhoofisha nyingine, na wengi mmemtaja Adam Gilchrist wa Australia. Sina ugomvi na jina hilo. Hata hivyo, mimi niliyevaa glavu kwa miaka mingi katika kriketi ya klabu jijini Nairobi, nikipiga nafasi ya tano, ningemtanguliza Les Ames, aliyezaliwa Elham mwaka 1905 na kuichezea kaunti yake ya Kent, Uingereza, kuanzia 1926 hadi 1951.

Katika kriketi ya daraja la kwanza (mechi za ngazi ya juu za siku kadhaa) Ames alipata mikimbio, yaani pointi za mpigaji, 37,248 na senturi 102 (senturi ni mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja), na hakuna mlinda wiketi mwingine aliyefikisha senturi 100. Hiyo ndiyo takwimu inayotajwa kila mara, ila kwa anayeijua kazi yenyewe, iliyo nzito zaidi ni nyingine: aliwatoa wapigaji 418 kwa kuwaangushia vijiti walipovuka mstari wao, rekodi ambayo haijavunjwa.

Wengi wa hao walinaswa na mipira ya Tich Freeman, mrushaji wa spini (mipira inayozungushwa) mwenye kimo kifupi aliyechukua wiketi 304, yaani aliwatoa wapigaji 304, katika msimu mmoja wa 1928. Kumsimamia mrushaji wa namna hiyo, ukiwa karibu na vijiti, ni kazi ngumu kuliko mtazamaji anavyodhani, kwa sababu mwili wa mpigaji hukuziba usiuone mpira, nao hugeuka baada ya kudunda, na ukiinuka mapema hata kidogo unapita chini ya glavu. Nilijifunza hayo kwa vidole vilivyovimba. Baada ya ova 50 (kila ova ni mipira sita) za kuchuchumaa mapaja yangu yalikuwa yamekaza, na mipira ya kwanza niliyokabidhiwa kupiga niliicheza kwa miguu isiyotaka kusogea. Ames alifanya kazi hiyo katika mechi za siku tatu, msimu mzima, na bado alipata mikimbio 1,000 pamoja na kutoa wapigaji 100, kwa kudaka au kuangusha vijiti, katika misimu mitatu: 1928, 1929 na 1932. Msimu wa 1929 pekee aliwatoa 128.

Wapo waliosema enzi zile kwamba George Duckworth wa Lancashire alikuwa na mikono bora, na kwamba Uingereza ilimchagua Ames kwa ajili ya kupiga tu. Siikubali hoja hiyo, kwa kuwa mpigaji aliyeazimwa glavu hawezi kuangusha vijiti mara 64 katika msimu mmoja, kama alivyofanya Ames mwaka 1932. Kupiga kwake kulikuwa nyongeza kubwa: mechi 47 za Testi (mechi za kimataifa za siku kadhaa), senturi 8, wastani wa mikimbio 40.56, pamoja na mikimbio 120 dhidi ya Australia pale uwanja wa Lord's, London, mwaka 1934.

Haki inadai niseme pia kwamba si senturi zote 102 alizozipata akiwa mlinda wiketi. Mgongo ulimsumbua, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia alimwachia mwenzake wa Kent, Godfrey Evans, glavu akabaki mpigaji. Senturi ya 100 aliipata Canterbury mwaka 1950, dhidi ya Middlesex, akiwa na umri wa miaka 44.