Pima CD yako kwanza, ndipo upime mwanga

Kwa shule ya Mtwara au Lindi ambayo maabara yake haijakamilika, hakuna njia nafuu ya kupima urefu wa wimbi la mwanga kuliko tochi ya leza nyekundu na CD kuukuu. Shida iko kwenye namba moja ambayo watu huikariri bila kuihoji: kwamba mistari ya CD, ile inayougawa mwale wa leza kuwa nukta, imeachana kwa mikromita 1.6 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Kiwango cha kimataifa kinaruhusu 1.5 hadi 1.7, na CD tupu za dakika 80, zile zilizoandikwa 700 MB, mara nyingi mistari yake imebanwa hadi karibu 1.5 ili data zaidi ienee. Mwanafunzi akitumia 1.6 kwenye CD ya namna hiyo, leza ya nanomita 650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) itampa karibu 693. Ataambiwa amepima vibaya, kumbe kapima sawasawa.

Kwa hiyo anza na rula ya chuma, ile yenye alama za milimita zilizochongwa: ipime leza kwa rula, kisha leza hiyo ikupimie CD. Mwaka 1965 mwanafizikia wa Marekani Arthur Schawlow, aliyepata Nobeli mwaka 1981, alionyesha kwamba rula ya kawaida inatosha kupima urefu wa wimbi la leza. Siri ni kuupitisha mwanga karibu ulale juu ya rula.

Laza rula ukingoni mwa meza, mita 3 kutoka ukutani. Bandika karatasi ya manila ukutani. Funga leza juu ya kipande cha mbao kwa mpira, kitufe ukibane kwa kibanio cha nguo, kisha inua nyuma yake kidogo ili mwale uteremke kwa nyuzi 2 hivi na kugusa alama za mwisho wa rula. Sehemu ya mwale iachwe ipite mbele ya rula moja kwa moja hadi ukutani. Utaona nukta ya chini ya mwale ulionyooka, nukta kali ya mwakisiko juu yake, halafu mlolongo wa nukta hafifu unaopanda na kusogeleana.

Sifuri yako si usawa wa meza. Ni katikati kabisa ya nukta ya mwale ulionyooka na ile ya mwakisiko. Ukipakosea hapo, hesabu yote imeharibika. Tuseme mwakisiko uko sentimita 10.0 juu ya sifuri na nukta ya tatu kutoka hapo iko 21.2. Mraba wa 21.2 ukitoa mraba wa 10 unabaki 349.4, gawanya kwa 3, unapata sentimita za mraba 116.5, yaani mita za mraba 0.01165. Zidisha kwa nafasi ya alama, mita 0.001, kisha gawanya kwa mara mbili ya mraba wa umbali, yaani 18. Jibu ni nanomita 647. Tumia nukta ya tatu au ya nne badala ya ya kwanza: kosa la milimita moja kwenye nukta ya kwanza linakula asilimia 2.5, kwenye ya tatu asilimia 1.2 tu.

Nukta zikibanana kupita kiasi, mwale umeangukia sehemu ambako zimefika alama ndefu tu, za kila milimita 5 au 10. Usogeze kwenye ukingo zilipo alama fupi. Rula nyingine zina nusu milimita upande mmoja, kwa hiyo kagua kabla ya kukokotoa. Na kwa hewa yetu ya chumvi, rula ipakwe mafuta kidogo inapohifadhiwa, ila ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabla ya kazi, kwa sababu mafuta yaliyojaa kwenye alama hutawanya mwanga.

Sasa CD. Kwaruza upande wenye maandishi kwa wembe, bandika selotepu, vuta kwa nguvu; utando unaong'aa unatoka na plastiki inabaki safi. Ioshe kwa maji ya mvua, maana maji ya chumvi ya visima vingi vya pwani yakikauka huacha madoa. Isimamishe sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, leza ipite karibu na ukingo wa nje, ambako mistari imenyooka zaidi. Nukta ya kushoto na ya kulia zisipolingana umbali kutoka ya katikati, geuza uso wa CD kidogo kushoto au kulia mpaka zilingane.

Kwa leza ya nanomita 650, ukipata sentimita 13.3 kutoka nukta ya katikati hadi ya pembeni, CD yako ni ya 1.6. Ukipata 14.4, ni ya 1.5. Kosa linalorudiwa sana hapa ni kugawanya 13.3 kwa 30 moja kwa moja. Pembe ni karibu nyuzi 24, si ndogo hata kidogo, na njia hiyo ya mkato, ukizidisha kwa 1.6, inaleta nanomita 710 hivi. Gawanya kwa mshazari, yaani umbali kutoka kwenye CD hadi nukta ya pembeni, ambao ni 32.8.

Leza za kijani za bei rahisi ziacheni kabisa. Nyingi hutengeneza kijani kutoka kwenye mwanga wa infraredi wa nanomita 1064, na zisipowekewa chujio mwanga huo usioonekana hutoka pamoja na wa kijani na kuumiza jicho bila mtu kujua. Hata kwa leza nyekundu, vua saa na bangili, na asiinamie mtu kuchungulia rula.

Urefu wa wimbi la leza ukishajulikana, kidato cha tano wanaweza kupima hata nguo. Pitisha leza kwenye mtandio mwembamba, ukuta uwe mita 5: nukta zikiachana sentimita 1.6, nyuzi zake zimeachana milimita 0.2.