Kabla ya kununua pistoni, kagua sili za krenki

Pikipiki ya Yamaha AG100 niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu ilikuwa imelala bandani miaka 11. Kiki haishuki hata kidogo, pistoni imegandana na silinda. Nilifungua silinda hedi, nikamwaga dizeli juu ya pistoni, nikawa naongeza kila jioni. Siku ya tano nikaigonga polepole kwa kipande cha mti, ikaachia. Usigonge kwa chuma.

Kosa nililifanya baadaye. Nilipeleka silinda ikachongwa, nikafunga pistoni ya ovasaizi (kubwa kuliko ya awali) milimita 0.50 na ringi mpya, injini ikawaka kiki ya tatu. Wiki mbili hazijapita ikanoki mlimani, pistoni ikakwama tena. Nikailaumu pistoni, kumbe shida ni sili ya krenki, ule mpira unaoziba kando ya shafti inayozungushwa na pistoni, upande wa magneti (inayotoa umeme wa plagi).

Kwenye injini ya tu-stroki kama hii, hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya kesi ya krenki, ndipo hupanda juu. Kesi ikivuja, injini imeharibika hata kama silinda ni mpya. Na pikipiki ikilala miaka mingi, mpira wa sili hukauka na kupasuka. Ya upande wa magneti ikivuja, injini inavuta hewa tupu, petroli inapungua, joto linapanda hadi pistoni inakwama. Ya upande wa klachi ikivuja, oili ya giaboksi inanyonywa: moshi mweupe hauishi, na oili unaongeza kila mara bila kuona inakomwagikia. Sili mbili ni hela ndogo mno ukilinganisha na kuchonga silinda mara ya pili, kama nilivyofanya mimi. Ukishapasua kesi (kuitenganisha nusu mbili), weka na beringi mpya za krenki.

Fundi wa kuchonga aliyezoea foo-stroki anaweza kukurudishia silinda yenye kingo kali kwenye matundu ya ekzosi. Mwombe azilainishe, la sivyo ringi itanasa hapo na kuvunjika. Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye pini zake ndogo ndani ya mifereji ya pistoni, na klipu za pini ya pistoni ziwe mpya.

Tangi la kwanza changanya mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli, hata kama pampu inayolisha injini oili yenyewe ipo, kwani iliyokaa muda mrefu huwa imejaa hewa. Itoe hewa hiyo, na usiiamini pampu mpaka uone oili inashuka kwenye tangi lake.