Nani atanidai jibini kule New Jersey?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki nimelisoma nikiwa nimeegesha basi nje ya uwanja wa ndege wa Spokane, jimbo la Washington, alfajiri ya saa kumi na moja, nikisubiri mizigo ya timu ishuke. Mmeuliza: chuo cha Marekani kinapohamia ligi ya mikoa ya mbali, kama Stanford na Cal (ile ya Berkeley), vyuo vya California, walivyokimbilia Ligi ya Pwani ya Atlantiki, je, utamaduni wake unaendana na wa wenyeji wapya? Nilicheka peke yangu kwenye usukani. Pwani wanayo, siwanyimi. Ila ni ya bahari nyingine.

Nitangulize kusema kwamba sikusoma katika chuo chochote kati ya hivyo. Mimi ni dereva wa mabasi ya kukodi, mzaliwa wa Iringa, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kubeba timu za vyuo vya huku kaskazini-magharibi: voliboli, kikapu, riadha, na waogeleaji wanaonukia klorini mpaka viti vinashika harufu. Kwa hiyo habari za utamaduni kuendana nazitazama kwa kioo cha ndani ya basi, na kwenye kioo hicho wote ni walewale. Watoto wa matajiri wa Palo Alto na watoto wa wakulima wa Colfax wote hulala midomo wazi, na wote huacha maganda ya ndizi chini ya viti. Anayeniambia kijana wa Stanford hawezi kukaa ligi moja na kijana wa Clemson, chuo cha Carolina Kusini, hajawahi kufagia basi.

Na kama kufanana ndicho kigezo, Henry Rono, yule mkimbiaji wa Kenya, alifanana na nani Pullman, kwenye chuo cha Washington State? Mnandi aliyetua katikati ya vilima vya ngano mwaka 1976, mji ambao ukiondoa chuo kinabaki kituo cha mafuta na maghala ya nafaka. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia. Mbili za mwisho alizivunjia Vienna na Oslo, lakini ya kwanza, mita 5,000, aliivunjia Berkeley, na ya pili, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliivunjia Seattle. Itazameni miji hiyo miwili. Yote ni makao ya vyuo vilivyokuwa ligi moja na chuo chake. Mnandi huyo alikwenda kuitikisa dunia katika uwanja wa jirani, na mpaka alipofariki Februari 2024 watu wa Pullman walimhesabu wa kwao.

Basi swali lenu naliweka pembeni kidogo, nijibu la kwangu: chuo kikihama, mtani wake anabaki na nani?

Utani sina haja ya kuueleza kwa wasomaji wa nyumbani. Mimi ni Mhehe. Mgogo mmoja, mtani wangu, anaishi Kent, kusini ya Seattle, na hajawahi kunipigia simu bila kuniuliza kama nimeshakula mbwa leo. Mimi namuuliza bakuli la kuombea liko wapi. Baba alipofariki, watani walilizuia jeneza mlangoni mpaka walipopewa chao, na mama, aliyekuwa hajatabasamu kwa siku tatu, akacheka. Shughuli hiyo huwezi kumkabidhi mgeni. Mtani sharti akujue: anajua choo chenu kilivyoanguka, anajua babu yako alikuwa na deni kwa nani.

Ligi ya zamani ya Pasifiki, iliyoanzishwa Portland mwaka 1915 na vyuo vinne, ilikuja kupangika kwa utani bila kujijua. Ilipofikisha vyuo 10 mwaka 1978, vyote vilikaa jozi jozi: Washington ya Seattle na Washington State ya Pullman, Oregon na Oregon State, Cal na Stanford, USC na UCLA za Los Angeles, Arizona na Arizona State. Timu ya kikapu ikija huku ilicheza na pacha mmoja Alhamisi na mwingine Jumamosi, halafu inarudi kwao. Sisi madereva tuliipenda ratiba hiyo kuliko walimu wao walivyoipenda.

Yaliyotokea baadaye mnayajua. Juni 2022, USC na UCLA wakatangaza kwenda ligi ya Big Ten. Agosti 2023, Washington na Oregon wakawafuata, wakakubali hata kuanza na mgao wa pesa za televisheni mdogo kuliko wenyeji. Arizona zote mbili na Utah wakakimbilia ligi nyingine, Big 12, ambako Colorado walishatangulia. Septemba, Cal na Stanford wakaingia Atlantiki. Waliobaki ni wawili, Oregon State na Washington State, na wala haikuwa bahati mbaya: vyote viwili ni vyuo vya kilimo, viko miji midogo, mbali na nyumba nyingi zenye televisheni. Mapacha wa mjini waliondoka, mapacha wa shamba wakaachiwa ufunguo.

Sasa niwape kisa, maana bila kisa hiki nisingeandika.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, miaka kadhaa kabla ya ligi kuvunjika. Nilikuwa nawarudisha mabinti wa voliboli kutoka Seattle kwenda Pullman, kilomita kama 460. Sheria inampa dereva wa abiria muda wa saa kumi za usukani, na kwenda na kurudi Pullman hadi Seattle barabara ikiwa nzuri ni saa kumi kasoro kidogo, kwa hiyo safari hiyo ina madereva wawili au ina dereva mmoja na usiku wa hoteli. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa amelala kiti cha nyuma. Mabinti walikuwa wamefungwa seti tatu kwa bila, na basi lilikuwa kimya kama msiba.

Tunaukaribia mlima wa Snoqualmie, ambao kwa msomaji wa Iringa nitasema ni Kitonga iliyomwagiwa theluji, taa za barabarani zikaandika: minyororo ni lazima kwa magari makubwa. Nikaingia sehemu ya kufungia. Upande wa kulia ukakaa vizuri. Upande wa kushoto, nilipovuta kulabu ya mwisho, ikakatika. Nikabaki nayo mkononi kama jino. Kwenye sanduku la vifaa hakukuwa na ya akiba, kosa langu, maana kukagua sanduku ilikuwa zamu yangu. Vidole havinisikii tena, matope ya theluji yameingia mpaka kwenye soksi, na malori yananipita yakinirushia mengine.

Pikapu ikasimama nyuma yetu. Akashuka mzee, mrefu, koti la zambarau na kichwa cha mbwa kifuani. Kwa wasiojua, Seattle ni zambarau na mbwa. Pullman ni nyekundu na paka wa mlimani. Akaangalia basi, akaangalia jaketi nyekundu dirishani, akasema, "Ninyi ndio mmetoka kupigwa seti tatu?" Nikamwambia ndiyo sisi. "Na minyororo nayo imewashinda." Akarudi kwenye pikapu. Nilidhani anaondoka. Akaja na waya mnene, koleo, na mipira miwili ya kukazia mizigo, akalala chali kwenye yale matope, na koti lake lile lile.

Alifanya kazi kama robo saa, na muda wote mdomo haukupumzika. Pullman hawana barabara kwa sababu ng'ombe hawahitaji. Pullman mtu akifaulu hesabu wanamfanya meya. Mimi namshikia tochi, nacheka kwa meno yanayogongana. Katikati ya matusi ndipo likatoka kwamba dada yake alisoma huko huko Pullman, akaolewa na mkulima wa dengu, na kila sikukuu ya Novemba familia hukaa meza moja yenye pande mbili, na upande ulioshindwa Apple Cup, mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo hivyo viwili, ndio unaoosha vyombo. Yeye, alisema, ana mikono laini kwa sababu haoshi mara nyingi.

Alipomaliza akasimama, akajifuta, akadai malipo. Pesa hataki. Anataka basi zima liimbe wimbo wa chuo chake, beti moja, kwa sauti, ndipo niwashe injini. Nikapanda kuwaeleza mabinti. Jamani, wale watoto waliokuwa kama wamefiwa waliamka wote kwa pamoja! Mmoja alisema ni heri alale hapo mpaka masika. Mwingine, yule mfupi kuliko wote, aliyekuwa akijitupa sakafuni usiku kucha kuokoa mipira, akashuka kwa kandambili kwenye theluji kwenda kujadiliana. Wakapatana nusu beti. Walipoimba walibadilisha maneno, na sitayaandika hapa maana nyumbani kuna wazee wanaosoma.

Mzee akasema fidia hiyo haitoshi. Ndipo macho yake yakaangukia kopo kwenye dashibodi. Lilikuwa Cougar Gold, jibini la kopo linalotengenezwa na chuo cha Pullman chenyewe, karibu kilo nzima. Nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya Mgogo wangu wa Kent, kisha nikakosa nafasi ya kulipeleka. Akalichukua bila kuomba. "Hiki," alisema, "ndicho kitu pekee cha maana kilichowahi kutoka huko." Akapanda pikapu, akatutangulia taratibu mpaka kileleni, taa za tahadhari zikiwaka, kisha akageuza.

Nimekaa kwenye kisa hiki kuliko nilivyokusudia. Lakini sasa niambieni: leo Washington yuko ligi moja na Rutgers wa New Jersey, zaidi ya kilomita 3,800 kwa ndege. Mtu wa Rutgers akikwama Snoqualmie, nani atamtukana vizuri?

Hapo ndipo nilipotaka kufungia barua. Kisha nikaisoma upya nikaona nimejitengenezea mtego, na ni afadhali nijinase mwenyewe kabla mwingine hajaninasa.

Kwanza, ligi ile sikuipenda kila siku. Tucson, kwenye chuo cha Arizona, hakuna aliyewahi kwenda kwa basi. Colorado na Utah walipoingizwa mwaka 2011 nililalamika kwa maneno haya haya, na baada ya misimu michache nilikuwa nawazungumzia watu wa Salt Lake kama wajomba. Pili, Septemba 2024, Washington na Washington State wakiwa wameshaachana ligi, Apple Cup ilichezwa Seattle vilevile. Wakubwa walikuwa wamewekeana mkataba wa miaka mitano. Mechi ikaisha 24 kwa 19, Washington wakizuiwa hatua chache kutoka mstari wa mwisho, na waliozuia ni sisi. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Wivu wa aliyeachwa uliongeza pilipili. Utani ulinoga kuliko wakati wakiwa nyumba moja, na hilo linanivurugia hoja yangu yote.

Na El Paso je? Chuo cha Texas kule El Paso, alikosoma Suleiman Nyambui wetu, yule wa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, kinaingia ligi ya Mountain West mwaka 2026, kikae na chuo cha New Mexico na wengine kadhaa waliokuwa ligi moja nacho enzi za Nyambui. Unaweza kusema kinarudi kwao. Lakini kwa kurudi huko kinaachana ligi na New Mexico State ya Las Cruces, ambako ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Kwa hiyo hata anayerudi nyumbani anamuacha mtani nje. Sijui ni nani wa kumlaumu hapo.

Ligi mpya ya Pasifiki nayo, ya kuanzia 2026, ina Boise State, Utah State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, na Gonzaga wa hapa Spokane kwa michezo isiyo futiboli. Gonzaga hadi Pullman ni kilomita 120, naenda na kurudi kabla chai haijapoa. Ipo pia Texas State ya San Marcos. Pasifiki ya San Marcos sijaiona kwenye ramani, ila nimeshajifunza kunyamaza.

Jibu langu basi, mkilihitaji la mstari mmoja: Stanford na Cal wabaki huko huko waliko. Ndiyo, mimi ndiye ninayesema. Wanacheza na nani si neno, mradi wao wawili wameondoka pamoja, jozi haijavunjwa. Hilo ni kwa futiboli tu, inayosafiri mara chache na kwa ndege ya kukodi. Mabinti wa voliboli, waogeleaji na wakimbiaji warudishwe kwa majirani, wasisinzie kwenye viwanja vya ndege siku ya mtihani. Na kila chuo kinachohama kilazimishwe kwa maandishi kucheza na mtani wake kila mwaka, kwa zamu, huku na kule. Vilevile nikiri kwamba mpwa wangu anakimbia mita 1,500 vizuri, na kikija chuo cha Atlantiki na ufadhili kamili, hamtanisikia nikitaja mambo ya utani. Nitambebea mizigo mpaka Spokane mwenyewe.

Timu ninayoisubiri imetoka. Wamechoka, na kocha ananiuliza kama njia ya Pullman ina barafu.

Septemba 2025 Washington walitufuata kwetu Pullman wakatufunga 59 kwa 24. Mgogo alipiga simu kabla mechi haijaisha. Aliniuliza mbwa ana ladha gani, akaniambia nisisahau kuosha vyombo, kisha akauliza kopo lake la jibini, analolidai mpaka leo, liko wapi.