Kabla ya kununua kabureta, pandisha gari kwenye mizani

Vijana wanaoleta magari ya zamani ya spoti kwenye gereji yetu hapa Iringa huanza na swali lilelile: "Kaka, niongeze nini likimbie zaidi?" Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Datsun 240Z yangu niliikuta imelala kwenye banda la tumbaku nje ya mji, ina kabureta zake mbili za kiwandani, nami nikaanza kuchanga pesa za kabureta tatu za Weber, za kuongeza nguvu. Mzee aliyenifundisha ufundi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema: "Mwanangu, unamwongezea punda majani na mzigo hujamtua."

Huku kwetu maneno hayo yana maana zaidi kuliko pwani. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Zile nguvu za farasi 151 zinazotajwa kwa 240Z, ukimaliza kupanda mlima Kitonga sehemu yake umeiacha kule chini Ruaha Mbuyuni. Kilo uliyoitoa kwenye bodi haina mambo hayo. Imetoka, uwe Dar, uwe Mbeya.

Anza na mizani na daftari. Mizani ya malori itakupa uzito wa gari zima, ila kwa vifaa kimoja kimoja mimi nilikwenda kwa wapima mahindi. Siku ya kwanza nilisalimia "Kamwene!" nikiwa nimebeba siti begani, wakacheka mpaka wakaacha kazi. Ila daftari lilinionyesha nisichotegemea. Tairi la spea, jeki, kapeti, redio na spika zake viliondoka bila kunigharimu hata shilingi. Hata mafuta ni uzito: tangi la lita 60 likijaa petroli ni zaidi ya kilo 40. Kama mbio ni fupi, kwa nini ujaze?

Chini ya kapeti utakuta mikeka ya lami iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Wenzetu wa nje huigandisha kwa barafu kavu ndipo waigonge. Sisi tuna Julai. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kung'ata masikio, nikaanza na patasi butu na nyundo ndogo, lami ikawa inakatika vipande kama sukari guru. Jua lilipotoka ikageuka ulimbo, nikafunga kazi mpaka kesho yake. Asubuhi nne.

Kingine ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha kiwanda ni pati, ule ujiuji mzito wa kuzibia mibonyeo kabla ya rangi. Gari la umri huu limeshapita kwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha safu yake. Funga sumaku kwa kitambaa laini, ipitishe kwenye bodi polepole. Isiposhika, ujue hapo chini kuna pati nene. Fenda moja ya nyuma kwangu ilikuwa pati kuliko bati. Kwangua, kata kutu, chomelea bati jipya, na bodi itapungua uzito huku ikizidi kuwa imara.

Hita niliitoa Machi nikijiona mjanja. Julai hiyohiyo, alfajiri, ukungu wa Mafinga ukaning'ang'ania kioo cha mbele kwa ndani, nikawa naendesha kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine. Nimeirudisha. Kioo cha mbele nacho usikiguse, kibaki kilekile cha tabaka. Vya pembeni na cha nyuma weka polikaboneti, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, kama kanuni za mbio zako zinaruhusu. Roli keji, yaani fremu ya mabomba ya kukulinda gari likipinduka, kwangu iliongeza karibu kilo 40, na hizo sizihesabu kabisa. Mtungi wa kuzimia moto pia.

Ukishatoa uzito, springi zitainua gari juu na breki za nyuma zitawahi kubana kupita za mbele. Pima na urekebishe kabla ya kukimbia. Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu, nunua ringi nyepesi, kwa sababu uzito wa kitu kinachozunguka, injini inausukuma mara mbili: kuupeleka mbele na kuuzungusha.

Sasa kosa langu kubwa. Chini ya injini kulikuwa na bamba la chuma la kukinga sampu, lile bakuli la oili. Daftari likasema kilo 14, nami nilikwishalewa hesabu, nikalifungua. 240Z zilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, lakini si kwa matumbo wazi kwenye mawe! Jumapili moja, barabara ya vumbi upande wa Kilolo, nikasikia mlio mmoja kama sufuria limeangukia sementi. Kabla sijaangalia taa ya oili, injini ilikuwa imeshakaza. Siku hizi nina bamba la alumini la milimita 6. Kwa ujazo uleule alumini ni theluthi ya uzito wa chuma, hivyo hata ukiinenepesha bado unapata faida.

Weber tatu sijanunua mpaka leo. Pesa zake zilikwenda kwenye sampu, beringi na kusaga kranki.