Msome Livius kwa Sikio

Nilipoanza Kilatini nilimsoma Livius, mwanahistoria wa Roma ya kale, nikiwa na penseli nyekundu mkononi. Kila nilipokuta muujiza, sala au hotuba ndefu katikati ya mapigano, nilipiga mstari: chumvi hii. Nilitaka vita na majina ya makonsuli, wakuu wa dola ya Roma, basi.

Aliyeninyang'anya penseli ile ni Horatius Cocles, shujaa wa Roma katika kisa kimoja cha Livius. Amelizuia jeshi la Waetruska, maadui wa Roma, peke yake darajani, na kabla ya kujitosa mtoni na silaha zake anauomba mto: "Tiberine pater", baba Tiber, mtukufu, mpokee askari huyu. Mstari mwekundu nilishaupiga zamani. Kisha nikakutana na mshororo wa Ennius, mshairi aliyefariki mwaka 169 KK, zaidi ya miaka 100 kabla Livius hajashika kalamu: nawe baba Tiber, na mto wako mtukufu. Nilirudi kwenye kitabu nikaisoma sala upya, mwili ukanisisimka. Warumi walisomeshwa Ennius tangu utotoni. Walipofika pale darajani, walikuwa wanausikia utenzi wa taifa lao ndani ya nathari.

Kwa hiyo ukimsoma Livius, weka karibu Annales, utenzi wa Ennius wenye mshororo ule. Katika vitabu vyake 18 vimebaki vipande tu, lakini vinatosha kukuamsha. Na usome kwa sauti, tafadhali. Mizani ya Kilatini haihesabu silabi kama utenzi wetu. Hupima silabi ndefu na fupi, na jicho peke yake halizioni. Chukua sentensi ya kwanza ya Annales nyingine, ile ya nathari ya mwanahistoria Tacitus: "Urbem Romam a principio reges habuere." Igonge mezani kwa kidole. Ni heksameta nzima, mwendo wa tenzi za mashujaa! Livius naye anafungua kazi yake kwa mwendo huohuo, na Quintilianus, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1 BK, alilitaja jambo hilo. Ni yeye pia aliyesema kwamba historia ni jirani wa washairi, namna ya shairi lililofunguliwa kamba.

Ila usikimbilie kusema kwamba penye ushairi hapana ukweli. Mimi nilikosea hapo. Fabius Maximus, jemadari wa Roma, alimchosha Hannibal, jemadari wa Karthago, kwa kukwepa kupambana naye uso kwa uso, na Ennius akaimba kwamba mtu mmoja, kwa kukawia, alituokolea dola. Livius, katika kitabu cha 30, anayarudia maneno hayo karibu yote na kumtaja Ennius kwa jina. Sasa, nani alikuwa karibu na tukio? Ennius aliziishi zama za vita hivyo. Livius alizaliwa vizazi vingi baadaye. Hapa mshairi ndiye shahidi. Kwa Horatius haiwi hivyo: kisa chake kilikuwa cha kale hata kwa Ennius mwenyewe.

Anza na kisa hicho cha Horatius: Livius, kitabu cha 2, sura ya 10. Ni fupi, jioni moja inatosha.