Kutoka bunge la jimbo hadi kuongoza chama: Hakeem Jeffries
Uliyeuliza kama mbunge wa jimbo huko Marekani anaweza kufika kukiongoza chama chake Washington: anaweza, na mfano mzuri ni Hakeem Jeffries. Aligombea bunge la jimbo la New York mwaka 2000 na 2002, mara zote akaangushwa na Roger Green kwenye kura za mchujo za chama chao cha Democrat. Kati ya mara hizo mbili mipaka ya eneo hilo la uchaguzi ilichorwa upya, na mtaa wa nyumba yake kule Brooklyn ukaachwa nje. Wengi huishia hapo, maana katika majimbo mengi mipaka huchorwa na wabunge wenyewe, jambo ambalo si haki hata kidogo. Mwaka 2006 Green alikiacha kiti ili agombee Congress, yaani bunge la taifa, ndipo Jeffries akashinda. Mwaka 2010 alisukuma sheria ya kuwahesabu wafungwa kwao walikotoka, si gerezani, wakati wa kugawa maeneo ya uchaguzi.

Congress aliingia Januari 2013. Huko kiongozi wa wabunge wa chama huchaguliwa na wabunge hao tu, kwa kura ya siri. Novemba 2018 alimshinda Barbara Lee kwa kura 123 dhidi ya 113, akawa mwenyekiti wa kundi la wabunge wa Democrat. Nancy Pelosi, aliyekuwa akiwaongoza wabunge hao, alipong'atuka mwishoni mwa 2022, Jeffries akachaguliwa kiongozi wao bila mpinzani.